UZI: Krismasi sio Moshi tu, Kusini tumeshaianza (Ndanda na familia nzima)

Mkorosho Mkavu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Kila ikifika Desemba nyuzi zote humu ni Moshi, nauli ya Moshi imepanda, foleni ya njia ya Moshi, nani kapanda na gari gani limebeba mbuzi wangapi. Sawa hatukatai. Lakini jamani hata Kusini kuna watu wanasherehekea Krismasi na tunaianza mapema kuliko mnavyofikiri. Mimi naishi Mtwara mjini, kwetu Ndanda, mke wangu ndo Mchaga wa Rombo, kwa hiyo hii vita naipigana ndani kwangu kila mwaka na kila mwaka nashindwa. Safari hii mama watoto kakubali kubaki ila kwa sharti kwamba nimwonyeshe hiyo Krismasi ya Kusini ninayoisifia ikoje. Basi Jumapili ya kwanza ya Majilio (zile wiki nne za kujiandaa kabla ya Krismasi) ilipokaribia nikawapakia kwenye kosta, yeye, watoto, na shemeji yangu mdogo aliyetoka Rombo kuja kutembea, tukaenda kwa bi mkubwa, mama yangu.

Kwa wasioijua njia, ukitoka Mtwara unapita Mikindani, unatoka kabisa mkoani unaingia Lindi, pale Mnazi Mmoja unaiacha ya Lindi mjini unakata kushoto, Mtama, Nyangao, halafu unaingia tena mkoa wa Mtwara ndo unaikuta Ndanda. Shemeji kaona kibao cha Karibu Lindi kisha baadaye kibao cha Karibu Mtwara akaniangalia kama nimempotezea dira. Nikamwambia tulia shem, ndo jiografia yetu. Njiani mikrismasi imechanua yote, nyekundu mpaka inaumiza macho, chini ya miembe watoto wanaokota kwa ndoo. Mtama kosta haijasimama vizuri dirisha limeshajaa mikono, ming'oko, embe, korosho. Mke wangu akauliza "hii mizizi mnaila?" nikanunua fungu moja nikamuonyesha, unamenya kwa meno, unavuta, unatema ganda. Tulipofika Nyangao fungu limeisha na mimi nilikula viwili tu.

Ninachotaka kusema ni hiki, huku kwetu msimu wa Krismasi haufunguliwi na kalenda wala taa za madukani. Ukifika Ndanda wikiendi hiyo unakuta vitu vitatu vimegongana, hela za korosho zinaingia, embe zimeiva, na shule zimefunga au ziko mlangoni kufunga. Ndo maana watu wanacheka bila sababu.

Naendelea kwenye komenti inayofuata, bando langu linasumbua.

Jino la Pembe

Nimekaa hapa na ming'oko yangu nasubiri. Picha ziko wapi mkuu?

Mkorosho Mkavu

Picha za familia siweki humu. Naendelea.

Jumapili tukaenda Misa. Kanisa limejaa mpaka nje, watoto wa Utoto Mtakatifu wamekaa mbele na sare zao, padre kavaa zambarau, wakawasha mshumaa wa kwanza kwenye shada. Shada lenyewe wamelisuka kwa mvinje, wakinamama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) wameketi usiku mzima wa Jumamosi wanalifunga na kamba ya katani. Binti yangu wa mwisho aliuliza kwa sauti mbona mingine haijawashwa, umeme umekata? Benchi zima likacheka, katekista akageuka akatukata jicho.

Baada ya Misa ikawa mnada wa mavuno. Hapa ndo mama watoto alianza kunyamaza kimya cha heshima. Watu wameleta walichonacho, mikungu ya ndizi, mihogo, mbaazi, maboga, kuku, korosho debe, mzee mmoja kaleta mbuzi dume mwenye harufu ya mbuzi dume. Mnadishaji ni kijana wa kwaya ana mdomo kama ana betri. Jogoo mmoja mwekundu alianzia 15,000, akapanda 20, 30, jumuiya mbili zikagombana, akaishia 85,000, aliyemnunua akamrudisha auzwe tena! Akauzwa tena 40,000. Yule jogoo aliingiza hela kuliko mimi wiki hiyo. Aliyemchukua mwisho ni jirani ya mama yangu, Mzee fulani Mwislamu mwenye duka la vifaa vya baiskeli, amekaa pale nje chini ya mwembe na kanzu yake toka asubuhi, anasema huu mnada hajawahi kukosa toka ujana wake. Jogoo kamkabidhi mama. "Huyu utanipikia tarehe 25, nitatuma kijana aje achinje ili na sisi tule." Mama kacheka akasema ndo kawaida yao.

Jioni tukakaa uani. Mama akatoa korosho ghafi akasema watoto wa mjini mnakula za kwenye pakiti, leo mtaziona zinavyotoka. Akaweka bati la matundu juu ya mafiga, akamwaga korosho, akawa anageuza na mti mrefu. Mwanzoni hakuna kitu, baadaye maganda yanaanza kutoa jasho jeusi, yale mafuta yanadondokea motoni na ghafla bati zima linawaka moto, ndimi mpaka usawa wa kifua, moshi mchungu unakaba koo. Watoto wakakimbilia nyuma ya tenki la maji. Mama hana habari, anageuza tu, kisha akalipindua bati chini na kumwagia mchanga moto ukafa. Hapo ndo kubangua, unagonga kwa kijiti ganda linapasuka, mikono umeshaipaka majivu maana yale mafuta yakikugusa ngozi inababuka. Shemeji kagonga ya kwanza kaisaga unga, ya pili unga, ya tatu ikatoka nzima akapiga vigelegele kama kapata mkopo.

Rombo Kwetu

Mkuu umeandika vizuri lakini unalinganisha korosho na Krismasi ya kwetu? Mbege mnayo? Ndafu mnaijua? Mbuzi mzima kakaushwa anameremeta. Mpelekeni huyo dada yetu kwao acheni kumtesa na mizizi.

Mkorosho Mkavu

Shemeji wa hiari karibu. Mbege hatuna, tuna uraka, maji ya mabibo (lile tunda la mkorosho) yaliyochachuka, na kwa usalama wako kaa mbali kidogo. Dada yenu ndo alisema mwenyewe twende tena kabla ya mwezi kuisha, sijamlazimisha. Na nauli yake ni ya kosta, sio ya kuuza kiwanja.

Mkulima wa Daraja la Kwanza

Mleta uzi kagusa penyewe. Ngoja niwape ya ndani wale mnaodhani korosho inaota kwenye pakiti.

Huku msimu maana yake korosho, ukisema "msimu umeanza" hakuna atakayekuuliza msimu gani. Kuanzia Septemba Oktoba mnaokota, mnaanika, mnapeleka chama cha msingi, wanapima, wanapanga daraja la kwanza na la pili, mzigo unaenda ghala kuu, unasubiri mnada. Huu mfumo wa stakabadhi ghalani kwetu umeanza 2007 na mpaka leo kuna wanaousifia na wanaoulaani, mara nyingi ni mtu yule yule, inategemea umemkuta kabla au baada ya malipo. Mnada ukifanyika mnunuzi analipa, makato yanakatwa, salio linaingia kwenye akaunti au simu. Sasa hiyo kelele ya simu, ile meseji ya kwanza, ndo kengele yetu ya Krismasi. Kijiji kizima kinajua. Jana ulikuwa unakopa sukari, leo unaulizia bei ya bati na fundi cherehani hakupokei simu maana kashapata tenda za nguo za watoto mpaka mwakani.

Na ndo maana Krismasi zetu hazifanani. Oktoba 2024 minada ya kwanza bei ilivuka 4,000 kwa kilo, Desemba ile Tandahimba na Newala kila kona pikipiki mpya bado ina nailoni kwenye siti. Lakini 2018, ule mwaka serikali iliponunua yenyewe kwa bei ya 3,300 na magari ya jeshi ndo yalibeba mzigo, Desemba ilifika wengi bado tuko kwenye foleni ya uhakiki kabla ya kulipwa. Mke wangu alipika wali na mbaazi za nazi, mezani tukawa wengi kuliko mwaka wowote maana kila mtu alikuja kuangalia kwa mwenzake kuna nini, na kwa mwenzake nako mbaazi. Watoto wangu hiyo ndo Krismasi wanayoikumbuka, zile za kuku wamezisahau zote.

Kingine msisahau wenzetu walioshikwa na kangomba. Mtu ana shida mwezi wa tisa anauzia korosho kwenye kipimo cha kienyeji kwa bei ya kutupa, Desemba wenzake wakipata meseji yeye anaangalia simu kama imeharibika. Hao ndo mnatakiwa kuwaalika kwanza.

Jino la Pembe

Hapo kwa nailoni kwenye siti umenimaliza hahahaha mjomba wangu kakaa nayo mpaka Pasaka

Katekista Mstaafu

Wapendwa, mmeandika mengi mazuri ila niweke jambo moja sawa. Majilio sio Krismasi. Ni kipindi cha kujiandaa, ndo maana rangi ni zambarau na Utukufu hauimbwi mpaka Noeli. Dominika ya tatu ndo padre anaweza kuvaa waridi, ni Dominika ya furaha. Tarehe 16 Desemba ndo tunaanza Novena ya Noeli. Siku hizi watu wanaanza kucheza muziki wa Krismasi Novemba, ikifika yenyewe wamechoka, tarehe 26 wanashusha mapambo wakati ndo kwanza Noeli imeanza.

Na kwa faida ya vijana wa Ndanda, hapo mlipokuwa mnabangua korosho pana historia. Wamisionari Wabenediktini walishakuwa Lukuledi na Nyangao tangu miaka ya 1890, Vita ya Majimaji ya 1905 ikateketeza misheni hizo, na mwaka 1906 ndo wakaanza Ndanda. Leo hii kuna abasia (makao ya watawa), hospitali, shule, karakana, watu wanatoka mikoa mingine kuja kutibiwa. Hayati Rais Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapo Masasi, naye kasoma Ndanda. Hivyo mtoto ukimpeleka, mzungushe na umweleze, sio korosho tu.

Mkorosho Mkavu

Shikamoo Katekista. Nimekusoma, ila mama yangu ana miaka sabini na kitu, toba yake anaifanya huku anakaanga korosho na sijaona ikipungua. Kwangu mimi kujiandaa ndo huku, kupalilia njia ya kuja nyumbani, kupaka chokaa ukuta, kuhesabu wajukuu watalala wapi. Ukinyima watu furaha mpaka tarehe 25 utabaki na siku moja ya kula kupita kiasi basi.

Halafu umenikumbusha. Jumatatu asubuhi nikawapeleka watoto kwa mjomba wangu, mchongaji, anatengeneza upya sanamu za pango la kigangoni. Pango halijawekwa bado (Katekista utulie), sanamu ziko kwake zimelala kwenye magunia, mpingo mtupu. Mtakatifu Yosefu kapigwa chale za Kimakonde usoni, mistari ile ya pembe pembe kutoka sikioni mpaka shavuni. Mamajusi mmoja kabeba kikapu cha korosho. Na Bikira Maria, wakuu, ana ndonya. Kile kipande cha mti cha kwenye mdomo wa juu kabisa kama bibi zetu wa zamani. Mwanangu wa kiume akauliza babu mbona Maria ana kitu mdomoni, mjomba hakuinua hata kichwa, kaendelea kupiga msasa, "Alikuwa mwanamke wa heshima. Ulitaka nimchonge bila ndonya watu waseme hana wazazi?" Mtoto kashikishwa msasa akapewa kondoo asugue, amesugua mpaka tumechelewa gari.

Mke wangu hiyo ndo aliyopigia simu Rombo. Sio mnada, sio korosho, ni ndonya.

Mnyambe wa Newala

Huyo mjomba wako nampa heshima zake. Sisi huku juu Newala Desemba ni ngoma, likizo hii ndo vijana wengi wanatoka jandoni kwa hiyo unakuta wiki moja kuna kwaya kanisani na mapiko, ngoma ya vinyago, uwanjani. Lile sura la mti likitokea kwenye kona na njuga miguuni wanawake na watoto wanatawanyika, halafu wanarudi kimya kimya kuchungulia. Mkija mpitie Shimo la Mungu, mnasimama ukingoni mnaona bonde lote mpaka Ruvuma na ng'ambo Msumbiji. Beba sweta, huku kuna baridi sio kama joto lenu la Mtwara.

Mwanglikana wa Mtandi

Na mambo ya jando na kanisa hayajaanza leo. Huku Masasi kwetu, upande wa Waanglikana, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, ndo alilikubali jando liwepo na akaliweka ndani ya utaratibu wa Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Wengine wakati huo walimshangaa. Kwa hiyo huyo Maria mwenye ndonya ana ukoo huku.

Bi Mkubwa Mikindani

Assalaam aleykum na habari zenu wote. Mimi Mwislamu wa Mikindani nimesoma uzi wote nikasema nichangie maana mmetusahau wa pwani. Huku sisi ndo wengi na Wakristo wachache lakini Krismasi mtaani kwetu inajulikana. Jirani yangu mama mmoja wa Kimakua, nesi, ananiletea sahani ya pilau kila mwaka na mimi kwenye Idi nampelekea yake na ya wanawe. Tumeanza hivyo watoto wetu wakiwa wadogo. Sasa kwetu sahani hairudi tupu, akileta pilau narudisha na vitumbua, nikipeleka biriani inarudi na keki, mwaka uliopita sahani moja ilikwenda na kurudi mpaka mwezi wa pili, tena ni ile yangu ya maua na bado iko kwake!

Kinachonifurahisha ni wajukuu. Ikifika hii wiki ya kwanza nyumba ya nesi wanakata tawi la mvinje huko Shangani wanaliweka kwenye ndoo ya mchanga sebuleni, mapambo ni baluni, pamba za dukani kwa ajili ya hiyo theluji yao ambayo hakuna aliyeiona, na makaratasi ya pipi waliyoyahifadhi mwaka mzima. Wajukuu zangu ndo mafundi wakuu, wanarudi kwangu wameng'ang'aniwa na gundi kwenye nywele. Baba yao aliwahi kununa, nikamwambia wewe mwenyewe ulikuwa unakwenda ukirudi na kashata mfukoni, leo umekuwa shehe lini?

Halafu tarehe 9 ile ya Uhuru ndo ufukwe wa Shangani unajaa, Mkristo Mwislamu wote majini, pweza wa kuchoma, mihogo, juisi ya ukwaju. Mimi hukaa kivulini nashika viatu vya watu.

Mkorosho Mkavu

Bi mkubwa shikamoo, umemaliza uzi. Hiyo sahani idai kabla ya Ramadhani.

Bi Mkubwa Mikindani

Marahaba mwanangu. Siidai, nikiidai na mimi kwenye kabati langu hili itabidi nirudishe zake tatu.

Hesabu za Januari

Mnapendeza wakuu ila mimi nipo Lindi mjini na nina la kusema kinyume. Hizi sherehe za kufungua msimu zimekuwa nyingi mno. Hapa mtaani kuna mtu anafunga spika tangu Ijumaa hadi Jumapili usiku, vigodoro vimebandikwa jina la Krismasi, vijana wamepata hela ya korosho ya wazazi wanaendesha pikipiki wamelewa, wodi zinajaa. Halafu Januari mtoto hana daftari. Nilimwona baba mmoja mwezi wa kwanza anauza bati alizonunua Desemba, bado zina lebo. Sio kwamba nachukia sikukuu. Mnada wa kanisani naukubali maana hela inabaki kwenye kitu. Ila mtu asije humu kutuambia kila shilingi ya Desemba ni baraka.

Mkulima wa Daraja la Kwanza

Hapo sikupingi. Kwangu sheria ni moja, meseji ikiingia kabla hata sijavaa viatu mke wangu anachukua ya ada na ya salfa, dawa ya mikorosho, inayobaki ndo ya kuchezea. Mwanzoni nilinuna. Sasa nimezoea, na kuku tunakula vile vile.

Rombo Kwetu

Sawa mmenishawishi nusu. Nina likizo kuanzia tarehe 20. Kutoka Dar naingiaje, na Ndanda pa kulala papo au mpaka Masasi?

Mkorosho Mkavu

Panda basi la asubuhi la Masasi, sio la Mtwara, linapita daraja la Mkapa pale Rufiji, Nangurukuru, Mnazi Mmoja, na Ndanda linakushusha barabarani kabisa. Ila kabla ya kukata tiketi ulizia hali ya barabara, mvua zikikaza huko Somanga huwa pana visa, 2024 ilikatika kabisa magari yakakwama. Pa kulala Ndanda papo, nyumba za wageni za kawaida, tarehe hizo zinajaa kwa hiyo piga simu mapema. Ukikosa Masasi ni mwendo mfupi tu mbele. Tiketi ya kurudi kata siku hiyo hiyo unayokata ya kuja.

Rombo Kwetu

Poa. Na huyo jogoo bado hai?

Mkorosho Mkavu

Bado. Mama anasema kashaanza kuwapiga kuku wa jirani.